Mwonjaji wa Chai Hai

Asubuhi ile chai iliniuma. Haikuniuma kwa moto, maana chai hai haichemshwi. Ukiichemsha unaua hamira iliyomo, na hamira ikishakufa unabaki na maji ya tangawizi ambayo hata mafua hayayaogopi. Iliniuma ubavuni mwa ulimi, palepale ilipokuwa ikiniuma tangu masika, nami nikajikaza nisikunje uso kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kinanitazama mdomoni.

Ndivyo tunavyokunywa chai sisi wa Kirongaya. Watu hupanga mstari bandani kwangu, kila mmoja na kikombe chake, na hakuna anayepokea kabla sijachota kwa upawa, nikanywa nusu mbele yao, na nusu nyingine nikairudisha chunguni. Kwetu mwenye nyumba hutoa uchawi kwanza, yaani huonja mbele ya mgeni. Ukimpa mgeni pombe bila kuionja, atakushukuru vizuri sana, ataiweka chini, na kwako hatarudi tena. Sasa chai hii ya kukinga homa ilipoletwa na watu wa Taasisi ya utafiti, na magari yao, na glavu zao, nani angeinywa hivihivi? Banda lilikuwa langu na tangawizi ilikuwa ya shambani kwangu, basi mimi ndiye niliyeonja. Sikufa. Kesho yake nikaonja tena, na watu nao wakanywa. Huko tambarare Homa ya Vumbi ikamaliza vijiji, barabara ya kupandia milimani ikafungwa kwa magogo, lakini kwetu haikuingia hata mlango mmoja. Tangu hapo sijakosa kuonja asubuhi yoyote, niwe mzima, niwe na msiba.

"Haina neno," nikasema. "Kunyweni."

"Mama Nakiete, leo umekawia," akasema Mzee Kirumbe, ambaye huwa wa kwanza mstarini hata kama amelala na homa ya baridi. "Nilidhani uchawi umekukaba."

"Ungekukaba wewe, masikio yetu yangepumzika."

Watu wakacheka, wakanywa. Chai ya vuguvugu haina raha, na miaka yote hii hakuna aliyeizoea. Hufumba macho wakaimeza upesi, wakatoka kwenda mashambani. Binti yangu Nakiete alikuja wa mwisho akiwa amemshika mkono mwanawe, Nietiwe. Huyu alizaliwa chai ikiwa imeshatuzoea. Aliinywa kwenye maziwa ya mama yake kabla hajajua kukaa, na yeye peke yake kijijini ndiye huililia, kwa sababu mimi humtilia asali kwa siri.

Mlangoni alibaki mgeni wetu. Aliitwa Daktari Wankyo, binti wa Kikurya mwenye sauti nzito na macho yasiyopepesa. Alikuwa mtu wa kwanza wa Taasisi kupanda kwetu tangu barabara ifungwe, na alikuja kuona chai imefanya nini. Kikombe nilichompa alikuwa bado anacho, kimejaa. Hakuwa akikitazama. Alikuwa akiutazama upawa wangu.

"Mama, ile uliyorudisha kwenye chungu ni nini?"

"Chai. Si ulikuwepo?"

"Uliyokwisha kuinywa?"

"Niliyoionja."

"Huwa unafanya hivyo kila siku?"

"Ulitaka wanywe chai isiyoonjwa, mwanangu?"

Akakiweka kikombe dirishani, polepole. Nilichukia. Mtu ametoka mbali, amelala kwangu, amekula kwangu, na chai yangu anaiweka dirishani. Kumbe alikuwa ameona jambo ambalo sisi tulilitazama miaka yote tukaliona adabu.

*

Alinifuata jikoni, akaomba damu. Tone langu, tone la Nakiete, na tone lake mwenyewe. Alikuwa na kioo kidogo cha kupimia ambacho hukikuza kile usichoweza kukiona, kikakitupa ukutani kikubwa na chenye rangi. Kwanza akachanganya damu yake na ya Nakiete. Ukutani tukaona vita. Chembe za kinga za Nakiete, zile nyeupe, zilizijia chembe za daktari kutoka kila upande na kuzitoboa.

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa," akasema. "Mwili haumpokei mgeni. Sasa tazameni."

Akachanganya ya Nakiete na yangu. Hakuna kilichotokea. Chembe zake zilipita kando ya zangu kwa utulivu, zikaendelea na safari.

"Ni mwanangu," nikasema. "Ulitaka anipige?"

"Hata mwanao angekupiga, mama. Nusu ya damu yake ni ya baba yake." Akatoka nje, akaita waliokuwa wakipita njiani, mmoja baada ya mwingine. Mke wa mchungaji, ambaye si ndugu yangu kwa lolote. Fundi wa mabati aliyehamia kutoka Gonja. Wote walikuwa hivyo hivyo. Damu zao zilinipisha njia.

Kisha akatuketisha akatueleza, na naomba nimsifu kwa hili, kwamba hakutumia maneno ya kutuficha. Hamira iliyo kwenye chai hula mate. Katika mate husoma mwili wa mtu, na baada ya hapo hutengeneza maji yanayoifundisha kinga ya mwili huo: huyu ndiye bwana wako, mlinde; asiyekuwa huyu, mfukuze. Ndiyo maana ilitakiwa kila mtu aonje kikombe chake, akiache kidogo, halafu akinywe. Kila mwili ufundishwe kujilinda wenyewe. Sisi tulifundishwa wote kutoka chungu kimoja na mdomo mmoja.

"Kijiji kizima kimejifunza kukulinda wewe," akasema. "Kwa homa haikudhuru. Homa ni mgeni kwako na kwao pia, wanaifukuza. Lakini ndani ya kila mtu hapa, anayetambuliwa kuwa mwenye nyumba ni wewe."

Nitasema kweli: kwa muda mfupi nilijisikia mkubwa. Mwanamke aliyeachwa na mume kwa kuwa ana mdomo, leo mwili wake ni bwana wa miili yote ya Kirongaya. Nikacheka. Nilipocheka, daktari akaona ubavu wa ulimi wangu.

"Fungua mdomo, mama."

Alikata kipande kidogo akakiweka kiooni. Alikaa akikitazama mpaka chai ya rangi niliyowapikia ikapoa. Nakiete akamuuliza ni nini. Daktari naye akauliza kama kuna mtu mwingine kijijini mwenye kidonda cha mdomo kisichopona.

"Mzee Kirumbe analalamika ufizi," akasema Nakiete.

Akaitwa. Alikuja akiwa na jembe begani, anabisha kuwa ufizi ni wake na haumwi sana. Akakatwa kipande naye. Daktari akaviweka vipande viwili ukutani, pembeni kwa pembeni, na hata mimi nisiyesomea mambo hayo niliona kuwa ni kitu kimoja.

"Hii ni saratani," akasema. "Pole sana, mama. Pole, mzee. Na hii iliyo kwenye ufizi wa mzee si yake." Akaonyesha ukutani. "Chembe hizi ni za mwanamke. Ni zako, mama."

"Mwanamke kwenye ufizi wangu!" akasema Mzee Kirumbe. "Marehemu mke wangu angesikia, ningelala nje." Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akalitua jembe chini.

Saratani haiambukizi. Sote tunajua hivyo, na daktari alisema ni kweli. Chembe za saratani yangu zikiingia kwenye mwili wako, mwili wako utaziona ni wageni utaziua siku hiyohiyo. Lakini miili ya Kirongaya ilikwisha kufundishwa kuwa mimi si mgeni. Chai haikuwa ya moto hata iziue. Basi kila asubuhi nilikuwa nikitia kifo changu chunguni, na watu wakikimeza, na miili yao ikikifungulia mlango na kukikaribisha ndani.

"Basi naacha," nikasema. "Leo hii. Sionji tena."

Nilidhani maneno hayo yangemfurahisha. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Chai yenye mate yako ndiyo inayoituliza kinga ya kila mtu; ukiacha, itabaki haina bwana. Itaanza kuupiga mwili ambamo inakaa, kwa sababu haiujui. Wakubwa waliwahi kujijua kabla ya chai. Watavimba viungo, wataumwa vibaya, wengine watatangulia, lakini wengi watakumbuka, na msimu ukiisha watakuwa wamepona." Akamtazama Nakiete, si mimi. "Watoto waliozaliwa ndani ya chai hawana cha kukumbuka. Hawajawahi kujijua hata siku moja."

Nje, Nietiwe alikuwa anaimba wimbo wa kuhesabu akiwafukuza kuku. Nakiete aliinuka akaenda kusimama mlangoni, akatupa mgongo.

Njia ilikuwepo, daktari akasema, lakini ni njia mbaya. Watoto wawe na vyungu vyao vidogo. Kila siku mate yao yaongezwe kidogo na yangu yapunguzwe kidogo, mpaka kinga zao zimjue bwana mpya taratibu. Ingechukua msimu mzima. Msimu mzima ningeendelea kuonja. Ulimi ukikatwa? Nilimwuliza hilo pia. Ukikatwa, damu na vidonda vitajaa mdomoni, na hamira haisomi vidonda. Kuchuja mate? Ukichuja chembe mbaya unachuja na nzuri, na hamira haisomi maji matupu.

"Na katika kila onjo," nikauliza, "yangu ile itaingia kwa mtoto?"

"Inaweza kuingia. Inaweza isiingie. Sijui, mama. Hakuna mtu duniani anayejua, kwa sababu haijawahi kutokea popote ila kwenu."

*

Mchana tuliwaita watu bandani. Niliwaambia mwenyewe. Nimekula chumvi ya kutosha, sikutaka binti wa watu asemwe kuwa ndiye aliyeleta balaa. Nilisema kila kitu, hata la asali.

Mwanzoni walibisha, kama kawaida yetu. Mke wa mchungaji alisema mgeni amekuja kuvunja desturi. Fundi wa mabati akasema Taasisi inataka kutuuzia vikombe vya mtu mmoja mmoja. Mzee Kirumbe akasimama.

"Sisi ndio watu tunaouza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku," akasema. "Ningependa na hii niibishie mpaka iishe. Lakini nimeiona kwa macho yangu ukutani. Huyu mama yuko kwenye ufizi wangu." Akauinua mdomo wa juu kwa kidole, wakaona. "Basi tuamue. Mkubwa aliyepo hapa, kikombe chake akiache leo. Tuumwe, tuvimbe, tulale. Atakayekufa atakuwa amekufa na miguu yake imeshatembea. Vyungu wabakie navyo watoto."

Akakichukua kikombe chake akakifunika kifudifudi mezani. Akafuata fundi. Mke wa mchungaji alikawia, akalia, akafunika chake. Punde meza ikajaa vikombe vilivyogeuzwa, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilijua wengine kati yao sitawaona msimu ukiisha, na hakuna hata mmoja aliyenilaumu. Wangenitukana ningejua la kujibu.

"Mmesema ya wakubwa," nikasema. "Ya watoto sijakubali."

Wakanigeukia.

"Kutoa uchawi maana yake ni hii," nikaendelea. "Naonja mbele yako ili kama kuna sumu inikute mimi kwanza. Nimeonja hivyo kwa nia safi. Sasa nimejua kuwa sumu ni mimi. Mnataka nisimame mbele ya mtoto asiyejua kitu, nimwonjee, nikijua? Homa ikimuua, ni homa. Mwili wake ukimgeuka, ni chai. Lakini kile nitakachomwekea kinywani kwa upawa huu, hicho ni mimi. Siwezi."

Hapo ndipo Nakiete alipokuja mbele. Sijawahi kumwona binti yangu akinijibu mbele za watu. Nilimlea kwa ukali, labda kupita kiasi, na yeye akawa mtu wa kusema ndiyo na kufanya lake kimyakimya.

"Mama, usipoonja Nietiwe atakufa?"

"Daktari amesema."

"Ukionja huenda akapona?"

"Na huenda akapata hiki nilicho nacho. Akiwa na miaka kumi. Akiwa bibi harusi. Hujui lini."

"Basi atakuwa amefika miaka kumi." Akanisogelea. "Ukikataa atakufa tu, ila mikono yako itakuwa safi. Ni nini hasa unachotafuta kuokoa, mama? Ni mtoto au ni mikono?"

Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka kumwambia kwamba ni rahisi kwa mtu asiyekuwa na doa kumfundisha mwenzake kujichafua. Badala yake nikamgeukia mgeni.

"Daktari," nikasema, "wewe ungefanya nini?"

Wankyo alikuwa amekaa karibu na dirisha, karibu na kile kikombe chake cha asubuhi, ambacho hakuna aliyekiondoa.

"Mimi si wa kuulizwa, mama. Mimi ni wa wale walioileta chai bila kuuliza kwenu mnanywaje." Akainamisha kichwa. "Ningekuwa na mtoto humu, ningekuomba uonje. Halafu ningekuchukia maisha yangu yote."

Akina mama wengine wenye watoto wadogo wakaja wakasimama nyuma ya Nakiete. Mmoja alikuwa na mimba, na alikuwa ameiweka mikono yote miwili juu yake. Nikawatazama mmoja mmoja, nikitafuta atakayetikisa kichwa, anipe sababu. Hakutokea.

*

Asubuhi iliyofuata mstari ulikuwa mfupi. Wakubwa hawakuja. Wengine walikuwa wameanza kuumwa tayari, vidole vimevimba, na kutoka kwa Mzee Kirumbe nilisikia mlio wa mtu anayejizuia kulia. Bandani palikuwa na vyungu vidogo vya watoto, vimepangwa juu ya benchi, kila kimoja na mwenyewe amesimama mbele yake. Mama zao walibaki nje. Ndivyo walivyotaka, wasione.

Daktari alikuwa amewaambia watoto wateme mate kwenye vyungu vyao, nao walikuwa wamefurahi sana kuruhusiwa kitu hicho na watu wazima. Walisukumana, walicheka, wakashindana nani anatema mbali. Ilibidi niwanyamazishe.

Nilianza upande wa pili wa benchi, ili wangu awe wa mwisho. Nilichota, nikaonja, nikarudisha. Kila nilipoonja ulimi uliniuma, na nikaomba maumivu yazidi. Sikusema kama haina neno. Nilifungua mdomo mara ya kwanza ili niseme, nikaufunga, na watoto hawakujali, wakapokea vikombe vyao wakanywa. Mmoja alikenua kwa ubaya wa ladha. Mwingine alimwaga kidogo kifuani, na mkono wangu ukawahi kumfuta kabla sijajua nafuta nini.

Nikafika kwa Nietiwe. Alikuwa amejisimamisha wima, mikono nyuma, kama wanavyofundishwa kumsubiri mkubwa. Mafuta ya nazi yaling'aa usoni. Mama yake alikuwa amemsuka.

Nilichota. Chai ilikuwa ya vuguvugu, harufu ya tangawizi na mchaichai, ileile ya kila siku. Nikavuta nusu nikaishika mdomoni. Nikafikiri, nikiimeza yote nisirudishe kitu, nani atajua? Daktari alikuwa anaandaa chupa zake, mgongo umetugeukia. Mtoto angekunywa chai isiyo na mimi, na kile kitakachomuua hakingekuwa na jina langu. Ilikuwa rahisi. Nilibaki hivyo, mashavu yamejaa, macho yamejaa, mpaka Nietiwe akaanza kucheka akidhani namchezea.

Nikameza ile ya mdomoni. Nusu iliyobaki upawani nikairudisha chunguni, nikakoroga, nikamjazia kikombe. Nikamtilia asali, mbele ya wote waliokuwemo.

Alikunywa yote bila kupumua. Akalamba ukingo wa kikombe, akakigeuza kuona kama kuna tone limebaki, akaninyooshea.

"Bibi, niongeze."

"Basi. Leo ni moja tu. Nyingine kesho."

"Na kesho kutwa?"

Nikapiga magoti nikamfuta mdomo kwa ncha ya kanga, taratibu, pembe hii na pembe hii.

"Na kesho kutwa," nikamwambia.

Akaridhika, akanipa kikombe, akatoka nje kucheza na wenzake.